Nilimpa uji siku ya nne, mshono ukavuja. Ni mimi?

BARUA KWA BI NESI

Assalaam alaykum Bi Nesi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, niko kaskazini ya Pemba, si mbali na Konde. Naandika usiku kwa sababu mchana nyumba hii haina faragha, na sitaki mkwe wangu anikute na barua hii.

Mume wangu ni mvuvi, ana miaka 48. Miezi minne iliyopita alikuwa dago, kambi ya wavuvi, huko Unguja akashikwa na tumbo. Lilijaa ghafla, choo hakipati, upepo hautoki, anatapika. Wenzake wakampeleka spitali usiku ule ule. Waliambiwa utumbo mpana umejisokota kama kamba na kipande kimekufa. Wakakata, wakaunga. Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilipanda boti siku ya pili yake nikamkuta na mpira puani na mwengine wa mkojo, lakini anazungumza.

Ijumaa wakamtoa mpira wa puani. Jumamosi akakaa kitako. Jumapili akatoa upepo, wodi nzima ikacheka, daktari akasema sasa aanze kula kidogo kidogo. Nikampa uji wa mchele, mwepesi, na jioni vijiko vya mchuzi wa samaki changu. Jumatatu tukapewa ruhusa. Jumanne asubuhi tukapanda boti kurudi Pemba, kwa sababu Unguja hatuna pa kufikia ila kwa shemeji yangu, na kule ni chumba kimoja watu saba.

Jumanne usiku ikamwanza kwikwi. Haikati. Akawa analalamika bega la kushoto linamuuma, nami nikamkanda nikidhani amekaa vibaya kwenye boti. Jumatano tumbo likaanza kujaa tena. Tukaenda kituo cha afya, wakampima joto: 37.2. Wakasema hana homa, ni gesi, aendelee na paracetamol alizopewa. Nikamwambia mhudumu, "Moyo unamwenda mbio," maana nikimuegemea kifuani naisikia. Akanambia ni uchovu wa safari. Usiku mama mkwe akampa vijiko viwili vya mafuta ya nyonyo afungue choo.

Alhamisi usiku ndiyo nisiyoisahau. Aliamka akakaa kitako kizani, akawa anachota hewa kwa kiganja na kumwaga pembeni. Anachota, anamwaga. Nikamuuliza unafanya nini baba watoto? Akanambia, "Lete upo, chombo kinaingia maji," ile kata ya kuchotea maji chomboni. Mama mkwe akaanza kusoma Yasini. Mimi nikatoka kutafuta gari.

Alifunguliwa tena Ijumaa asubuhi, huku huku Pemba. Tukaambiwa pale palipoungwa pamevuja, tumbo limejaa usaha na kinyesi, na tungelichelewa mpaka jioni tusingelikuwa naye. Wakamuosha tumbo, wakamtolea utumbo ubavuni, na mfuko wa choo anao mpaka leo. Alilala wiki tano. Sasa alhamdulillahi anatembea mpaka pwani kuangalia vyombo.

Nina mambo mawili. La kwanza, mama mkwe ameuambia ukoo mzima kwamba mimi ndiye niliyempasua mwanawe mshono kwa uji na mchuzi. "Mtu katumbuliwa, siku ya nne unamlisha samaki!" Wifi zangu hawaniamkii. Mume wangu hasemi kitu, lakini pia hanitetei. Chakula changu nakula jikoni peke yangu. Bi Nesi, ni mimi?

La pili, wametuita Unguja mwezi ujao akarejeshwe utumbo ndani. Wataunga tena. Yeye anataka, kachoka na mfuko. Mimi usingizi sina. Nimtazame nini safari hii, na nitajuaje mapema, ikiwa hata homa hakuwa nayo?

Mke wa mvuvi, Pemba


JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu,

Si wewe. Nalitanguliza hili ili yaliyobaki uyasome umekaa vizuri.

Utumbo haungoji uji ndipo upate majimaji. Mtu asiyetia hata tone mdomoni, mwili wake wenyewe unamwaga ndani kiasi cha lita saba kwa siku: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Mengi hufyonzwa njiani, lakini lita moja na ushei hufika utumbo mpana. Kwa hiyo pale palipoungwa hapajawahi kuwa pakavu hata saa moja, kabla ya uji wako na baada yake. Vijiko vyako vya mchuzi wa changu ni kama kumwaga kikombe cha maji baharini halafu ukaambiwa wewe ndiye uliyejaza bamvua.

Mama mkwe wako lakini hakulitoa hewani. Anasema tuliyokuwa tukiyasema sisi manesi wenyewe. Mimi nimewanyima watu maji siku tano nzima, mgonjwa ananitazama kwa midomo iliyopasuka, na nikaona nafanya kazi nzuri. Ndivyo tulivyofundishwa: asile mpaka utumbo uamke kabisa. Miaka ya 1990 daktari mmoja wa Denmark, Henrik Kehlet, akaanza kuwalisha na kuwatembeza wagonjwa wake mapema, na wengine waliofuata wakapima, wakakuta kwamba waliolishwa mapema hawavuji zaidi kuliko wanaolazwa na njaa. Leo wodi nyingi zinaanza chakula chepesi siku ya kwanza au ya pili. Wewe ulingoja mpaka ya nne, tena kwa ruhusa ya daktari.

Kilichovujisha ni nini, hapo hakuna wa kuapa. Ila tunajua kinachoelekeza huko. Utumbo uliojisokota mpaka kipande kikafa ni utumbo uliokosa damu, na kilichobaki pembeni yake kimevimba na kuchoka. Operesheni ya dharura usiku, tumbo halikuandaliwa, mgonjwa ametapika siku nzima na maji yamemwisha mwilini. Ukiongeza sigara (hukusema, lakini mvuvi wa dago nisiulize?), basi mishipa midogo ya damu imebana zaidi. Na siku tatu nne za mwanzo, pale palipoungwa panashikwa na nyuzi tu. Nyama bado haijashikana, tena mwili kwanza hulainisha kingo kabla ya kuanza kujenga. Nguvu inaanza kuja baada ya siku ya tano na kuendelea. Daktari hodari kabisa huunga vizuri na bado baadhi ya wagonjwa wake wakavuja.

Mafuta ya nyonyo nayo sitasema ndiyo yaliyoharibu. Kwikwi na bega vilianza Jumanne, mafuta yakaja Jumatano usiku. Hakuyahitaji, na mtu aliyeungwa utumbo hapewi dawa ya kuendesha wala bomba la maji nyuma bila ya daktari kusema, lakini usiyatumie hayo kama panga la kumrudishia mama mkwe. Mtamuuguza pamoja tena mwezi ujao.

Sasa swali lako la pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kalamu mkononi, kama tulivyokuwa tukisoma jalada la mgonjwa asubuhi. Mwanangu, uliyaona yote. Kwikwi, bega, moyo, tumbo lililofunga tena, na maneno ya kizani. Hakuna kilichokupita. Kilichokosekana ni mtu wa kukwambia kwamba vitu hivyo vitano ni ndugu wa tumbo moja.

Anza na kwikwi na bega. Baina ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha nyama kinachotusaidia kuvuta pumzi. Uchafu au usaha ukipanda ukakigusa kwa chini, kinashtuka, na kushtuka kwake ndiyo kwikwi. Tumbo lililojaa upepo nalo hukisukuma hivyo hivyo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, pamoja na ile inayohisi ngozi ya bega, basi ubongo unachanganyikiwa: maumivu yapo chini ya mbavu, mgonjwa anashika bega. Kwikwi ya mara moja baada ya operesheni si kitu. Kwikwi isiyokata usiku kucha kwa mtu aliyeungwa utumbo siku sita nyuma, hiyo si ya kumpa sukari alambe.

Moyo. Sikio lako kifuani mwa mumeo lilikuwa kipimo kizuri kuliko kile kipimajoto. Mwili ukivamiwa na uchafu, moyo ndio unaokimbia kwanza. Homa inaweza kuja baadaye, na kwa baadhi ya watu haiji kabisa, hasa wazee na wenye kisukari. Halafu mumeo alikuwa anameza paracetamol. Paracetamol inashusha homa, ndiyo kazi yake. Ile 37.2 ilikuwa joto la mtu aliyemeza dawa ya kushusha joto, na hakuna aliyemuuliza alimeza saa ngapi. Safari hii mpime joto kabla ya kumpa dozi inayofuata, si baada yake.

Mapigo utayahesabu mwenyewe. Akae ametulia dakika kumi, asiwe ametoka chooni wala kupanda ngazi. Weka vidole viwili, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono wake pale chini ya gumba, utaupata mshipa unadunda. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa baina ya 60 na 100. Siku ya kwanza na ya pili baada ya kisu yanaweza kuwa juu kwa maumivu. Kuanzia ya tatu yanatakiwa yateremke. Yakivuka 100 na kukaa hapo, au yakawa yanapanda, leo 88, kesho 96, kesho kutwa 108, mwambie nesi au daktari siku hiyo hiyo hata kama mgonjwa anakwambia yuko sawa. Yakifika 120 hakuna cha kungoja asubuhi. (Kama anameza dawa za presha jamii ya atenolol au propranolol, zinashika moyo usikimbie, kwa hiyo mapigo ya chini kwake si ushahidi. Mwambie daktari anameza nini.)

Tumbo. Utumbo ukishikwashikwa hulala, hilo ni kawaida. Mwembamba huamka ndani ya siku moja, mpana huchukua tatu, pengine tano. Ndiyo maana kila asubuhi tunapita kitanda kwa kitanda kuuliza "umetoa upepo?" na watu wazima wenye heshima zao wanaona haya kujibu. Mkemee asione haya. Lakini sikiliza tofauti hii, maana ndiyo iliyompita mhudumu wa kituoni: utumbo uliochelewa kuamka ni jambo moja, utumbo ulioamka Jumapili ukalala tena Jumatano ni jambo jengine kabisa. Huo umerudi kulala kwa sababu. Vivyo hivyo maumivu: yanatakiwa kila siku yawe chini ya jana. Yakigeuka kupanda, au yakaenea tumbo zima likawa gumu hata kuguswa hataki, pameharibika.

Na kuna moja linalodanganya watu wengi: kuharisha. Jamaa wanashangilia, "Alhamdulillahi choo kimefunguka!" Kumbe anakwenda mara kumi, ute mwingi, kila mara anahisi choo na hakuna kitu. Kama palipoungwa ni chini karibu na njia ya haja, usaha uliotuama kwenye nyonga unausumbua utumbo kwa namna hiyo. Hilo nalo litaje.

Halafu ule upo.

Sikiliza, mtu anayechota maji yasiyokuwepo usiku wa manane siku nane baada ya operesheni, huyo si jini na si ndoto. Ni sumu ya uchafu imefika kwenye damu na kichwa hakipati kinachokihitaji. Yasini isomwe, hakuna ubaya, lakini isomwe ndani ya gari. Ulifanya sawasawa kabisa. Ningependa tu safari hii isifike huko, kwa sababu kuchanganyikiwa ni dalili ya mwisho mwisho. Zilizo jirani nayo ni mkojo kupungua na kuwa mweusi kama chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, mikono kupoa na kutota jasho, na pumzi kwenda haraka. Masaa sita yamekwisha pita bila mkojo na anakunywa? Usilale.

Umeniuliza utajuaje. Kujua ulijua. Tatizo lako la Jumatano lilikuwa ni namna ya kusema, na hili wala si kosa lako, hakuna anayetufundisha. Kituoni walimuona mtu aliyejaa gesi. Hawakumuona mtu aliyeungwa utumbo. Safari hii usianze na "tumbo limemjaa." Anza hivi, kwa mpangilio huu: "Huyu ameungwa utumbo mpana, leo ni siku ya saba. Mapigo yake jana yalikuwa 90, leo ni 118. Pumzi 26 kwa dakika. Upepo ulitoka siku ya nne, tangu jana umefunga tena. Amemeza paracetamol saa mbili zilizopita." Na karatasi ya ruhusa iwe mkononi, si ndani ya mkoba. Mhudumu akisikia siku na namba, hata yule aliyechoka, anakaa wima. Akikwambia tena ni gesi, mwambie kwa adabu: "Naomba apimwe na daktari wa upasuaji kabla hatujaondoka." Adabu na ukaidi vinakaa pamoja, sisi watu wa pwani tunavijua vyote viwili.

Wakikupeleka panapohusika, wanaweza kumpima damu kipimo kinachoitwa CRP. Ini huitoa mwili ukiwa na moto ndani. Baada ya operesheni yoyote inapanda, inafika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha inashuka. Ikiwa siku ya tatu mpaka ya tano bado imepita 150 (miligramu kwa lita), au imeshuka halafu ikapanda, madaktari wanatafuta kinachovuja. Wanaweza pia kumpiga picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, akiwa amepewa dawa ya kung'arisha utumbo. Picha nayo huwa inakosea, kwa hiyo ikitoka safi na mtu mwenyewe anazidi kushuka, daktari mzuri anamfuata mgonjwa, hafuati picha. Tundu likiwa dogo na usaha umejikusanya mahali pamoja, pengine watampumzisha utumbo, dripu na antibaotiki, na kuutoa usaha kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi, bila kumfungua. Akikutwa kama alivyokutwa mumeo, ni kisu na kuosha na mfuko. Kinachowatenganisha hao wawili mara nyingi ni siku moja au mbili, na nimeshuhudia ikiwa ni masaa.

Ndiyo maana nina ugomvi na bahari.

Uvujaji mwingi hujionesha baina ya siku ya tatu na ya saba, na mwengine hungoja hata baada ya kumi. Ninyi mlipewa ruhusa siku ya tano na siku ya sita mko bandari ya Mkoani, Pemba. Yaani mlivuka bahari katikati kabisa ya siku za hatari, mkamuacha nyuma yule aliyemuunga na anayejua ndani alikutana na nini. Ruhusa ya kutoka wodini haimaanishi ruhusa ya kutoka kisiwani, na pengine aliyeisaini hakujua kwamba nyumbani kwenu ni Konde na si Kikwajuni, hapo hapo mjini Unguja. Mwambieni siku mnayoingia, kabla ya kisu: "Sisi tunakaa Pemba." Muulizeni anataka mkae Unguja siku ngapi, na mimi ningeomba zifike kumi tangu operesheni, zaidi akisema. Chumba kimoja watu saba, basi watakuwa tisa kwa wiki moja, shemeji atavumilia. Boti ina saa zake, na usiku wa kusi hakuna atakayekuvusha kwa sababu mumeo ana kwikwi. Ombeni namba ya simu ya wodi. Na kabla hamjarudi, jueni ni spitali ipi Pemba yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, na gari la nani mtalitumia. Gari usilitafute tena ukiwa peku.

Kabla ya kwenda mna wiki nne, na si chache. Kama anavuta sigara aache leo, siyo siku ya boti. Wiki nne ni muda wa kutosha mishipa ikaanza kumshukuru. Ale protini kila siku: yai, dagaa, samaki, maharage, choroko. Apimwe wingi wa damu sasa hivi, akiwa na upungufu atibiwe kabla, asiufikie mlango wa upasuaji akiwa mweupe. Awe anatembea huko pwani kila siku kwa makusudi. Safari hii anakwenda ameandaliwa, hajasokotwa na utumbo, hana uchafu tumboni, na hiyo tofauti ni kubwa sana. Nakwambia hili si kukufariji, ndivyo ilivyo.

Baada ya operesheni, akohoe akiwa amekumbatia mto juu ya mshono, avute pumzi ndefu, na ashuke kitandani mapema hata kama analalamika. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kikamchoma ghafla na pumzi kukata, hiyo ni damu iliyoganda, inaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye, na ni mbio vile vile. Pale mfuko ulipokuwepo ndipo penye tabia ya kutunga usaha. Wekundu na joto vikizidi, aoneshwe. Na kama baina ya siku ya tano na ya kumi mshono mkubwa wa katikati utatoa ghafla maji mengi ya rangi ya waridi, yanayolowesha nguo, msifute mkaendelea na mambo yenu: ndani nyuzi zimeachia. Alale chali magoti yamekunjwa, asile wala asinywe, na utumbo ukichungulia usiurudishe kwa mkono. Ufunike kwa kitambaa safi kilichotota maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo, muende.

Dawa ya maumivu ya dukani ulizia kwanza. Tafiti kadhaa zimeihusisha diclofenac na kuvuja kwa utumbo ulioungwa, na diclofenac kwetu inanunuliwa kama peremende.

Sasa naomba barua hii mpe mumeo asome kuanzia hapa. Ndugu yangu, usiku ule ulikuwa unaomba upo na uliona kweli, chombo kilikuwa kinavuja. Mama yako alikuombea, na mkeo alitoka kizani kutafuta gari. Hukufa kwa mchuzi, na uko hai kwa sababu ya gari lile. Dada zako hawataliamini likitoka kwa mkeo, wala kwangu. Wataliamini likitoka kwako, na ni maneno ya dakika mbili baada ya chakula cha usiku, yeye akiwa amekaa hapo hapo mkekani na si jikoni.

Mwanangu, narudi kwako. Pumzi sikukueleza namna ya kuzihesabu, nimeiacha makusudi. Mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi huzibadilisha, hata bila kutaka. Anatakiwa mtu wa kukaa karibu naye kimya, asishukiwe, na mtu huyo unaye. Mpe mama mkwe. Achukue tasbihi yake, wewe ushike saa, na kila kifua kikipanda yeye avute punje moja, dakika nzima. Mwanawe atadhani mama analeta uradi. Mtu aliyetulia hapiti punje 20. Mfungie uzi mwekundu kwenye ya 20 na mweusi kwenye ya 25, na umwambie mapema si hirizi. Akivuka mwekundu, mhesabu tena baada ya robo saa, na kama ni vile vile mpige simu wodini. Akifika mweusi, mama asiendelee kuhesabu. Avae buibui.

Bi Nesi